Siku Tuliyomtandikia Yesu Vitenge

Kila treni ilipopita nyuma ya kanisa letu, vioo vya madirisha vilitetema kama meno ya mtu mwenye homa. Sauti hiyo ninayo masikioni hadi leo. Padri alisimama kimya, mikono juu, mpaka ipite, kisha akaendelea na misa kama vile hakuna kilichotokea. Sisi Wakongomani wahamiaji wa mtaa wa Jeppestown tulisali pale kwa Kiswahili kila Jumapili mchana, na mama yangu, msusi wa nywele, ndiye aliyeanzisha nyimbo. Jamani, sauti yake! Hata madereva waliosimama kwenye robot, zile taa za barabarani, pale nje waligeuza shingo.

Mwaka 2016, nikiwa na miaka tisa, Padri alitangaza kwamba kanisa limeuzwa. Waumini wa zamani walikuwa wamehamia mbali, paa linavuja, na sisi tuliobaki hatukuwa na uwezo wa kulitengeneza. Mnunuzi alitaka kuweka duka la makochi.

Jumapili ya mwisho nilikuta mabenchi yamerundikwa nje. Mtaani kwetu, ukiona godoro na sufuria kando ya barabara, ujue mtu amefukuzwa nyumba. Moyo ukanipasuka. Nikamvuta mama kitenge, nikamuuliza kwa Kiingereza, maana Kiswahili nilikielewa lakini niliona aibu kukisema: Yesu naye wamemfukuza?

Mama Béa, rafiki yake, akaangua kicheko. "We Neema, unawaza Yesu iko na godoro?"

"Anahama tu, mwanangu," mama akasema. "Mtu wa kufukuzwa, nani atamtandikia kitenge?"

Kweli, akina mama walikuwa wanafungua vitenge vyao vya juu na kuvitandaza kutoka altareni hadi getini, kama wanavyofanya kwao Ekaristi inapopita. Mama alitandika kile cha harusi yake, chenye ndege wa buluu. Padri akapita juu yake polepole, Ekaristi kifuani, akaingia kwenye gari. Nikapumua. Yesu amepata nyumba nyingine, basi mambo yameisha.

Kwenye parokia mpya misa ilikuwa ya Kiingereza na Kizulu. Walitupokea vizuri, na chai na biskuti juu. Lakini mama alikaa benchi la nyuma, midomo imefumbwa, Jumapili baada ya Jumapili. Nilidhani amechoka na kusuka. Ilinichukua muda mrefu kuelewa kwamba Yesu alihama salama kabisa. Aliyebaki bila mahali ni mama. Alikuwa na mengi ya kumwambia Mungu, na pale hakuwa na maneno ya kuyasemea.

Basi Jumapili moja padri wa pale akatusalimu kwa Kiingereza, Bwana awe nanyi, na kanisa zima likamjibu kwa Kiingereza. Nikangoja wamalize. Halafu nikajibu peke yangu, kwa Kiswahili, kwa sauti yangu yote: "Awe pia na roho yako."

Vichwa vya mbele vikageuka. Changu sikukiinamisha.