Soneti na Ushenga wa Buffalo

Muhula ule, chuoni Louisville, tulipewa insha juu ya soneti za Ulaya za enzi ya Mwamko: wanaume wanaowapenda wanawake wasiowapenda. Nilikuwa na umri wa miaka hamsini na miwili, mkubwa kuliko mwalimu wangu, na niliwadharau washairi wale tangu mwanzo. Katika rasimu ya kwanza niliandika kwamba mtu anayeungua kweli hawezi kukaa akatafuta vina vya mistari kumi na minne. Mwalimu aliandika pembeni: "Mbona unawakasirikia?"

Tangu mume wangu afariki, tarehe 3 Juni 2017, heshima yangu pale mtaani kwetu Highview niliijenga kwa kutomhitaji mtu. Lakini kila Jumapili baada ya ibada simu yangu ililia, na mpigaji alikuwa mgane mmoja wa Gahanna, kule Columbus, mtu wa milima yetu ya Kivu, Kongo, anayefanya kazi katika ghala. Tuliongea juu ya mahubiri, watoto na maumivu ya magoti. Mwaka mzima nilivaa vizuri ili kupokea simu isiyo na picha.

Kwetu mwanamke hajitumii mshenga. Husubiri mwanamume atume mtu wa heshima kuja kusema. Nami nilisubiri.

Jumapili, tarehe 9 Februari 2025, yule mgane alisema, akichanganya Kifaransa kama kawaida yetu, "Mama, bon, niko na neno. Nimefikiria kuoa."

Nilikaa kitandani. "Ni vizuri," nikasema.

"Kuna mama mmoja Buffalo. Donc, nimetafuta mtu wa kunisemea, nikaona hakuna mwenye kinywa kama chako."

Kazi hiyo ni ya wazee wa kiume, lakini huku wazee ni wachache na Jumamosi wako zamu, basi hata mjane hutumwa. Haikataliwi bila sababu, na sababu yangu haikuwa ya kusemwa.

Ijumaa tarehe 21 nilipanda basi hadi Columbus. Kesho yake yule mgane akatupeleka Buffalo kwa gari lake, mzee mmoja wa kanisa mbele, mimi nyuma. Mwenye kuposa haingii siku ya kwanza. Alibaki ndani ya gari kando ya barabara ya Bailey, injini ikiunguruma kwa sababu ya theluji. Kutoka sebuleni kwa yule mama niliona taa za gari.

Nilisema niliyotumwa, kisha nikaongeza: kwamba hupiga simu siku aliyoahidi, kwamba hucheka kabla ya kumaliza hadithi yake mwenyewe.

Shangazi wa yule mama alinitazama. "Ee mama, unamjua mpaka hapo? Na wewe ulivyo mzuri hivi! Huyo baba hana macho?"

Sebule nzima ikacheka.

"Macho anayo," nikajibu. "Ndiyo yaliyomleta Buffalo."

Wakacheka zaidi, shangazi akagonganisha kiganja chake na changu, na posa ikakubaliwa.

Garini alinitafuta kwenye kioo. "Mama, wanasemaje?"

"Wamekubali."

Alipiga usukani kwa furaha kama kijana. Mzee wa kanisa akaomba sala, nami nikaitikia amina.

Insha ilitakiwa Jumatatu tarehe 24. Nilifuta ile sentensi ya vina na mahali pake nikaandika: "Washairi hawa walikataliwa, na anayekataliwa ni yule tu aliyeruhusiwa kuuliza." Ijumaa mwalimu aliirudisha, sentensi hiyo ikiwa imepigiwa mstari. "Hoja nzuri sana. Umeitoa wapi? Taja chanzo."

Tulipewa siku chache za kusahihisha. Jumapili, baada ya ibada, nilifungua ukurasa wa marejeo nikautazama. Vitabu vyote nilivyosoma vilikuwa vimeshaorodheshwa. Hakuna hata kimoja kilichokuwa na jambo lile.

Simu ikalia saa yake ile ile. Nilikuwa nimevaa vizuri, kwa mazoea. Nikapokea, maana kazi ya mshenga ilikuwa haijaisha: alitaka tupange siku ya kupeleka mahari.