Diski Iliyokuwa Inapumzika

Huu mdomo wangu utaniua. Juzi mjane wa Mwalimu Rono aliingia kwa duka langu la kutengeneza kompyuta hapa Kapkatet, amebeba laptop ya marehemu. Alitaka picha za kuweka kwa programu ya mazishi. Zote zilikuwa humo. Ikawaka kwa shida, nikaona setingi zake za chaji, kisha diski ikafa kabisa. Wateja walikuwa wengi, nikajifanya profesa.

"Nani aliiseti hivi? Diski ikitulia kidogo tu inazimwa, halafu inaamshwa tena, mchana kutwa. Hiyo ndiyo imeimaliza!"

Mama akanitazama. Hata hakukasirika.

"Si ni wewe, fundi? Ulisema inalinda chaji stima ikipotea. Ikilia tik, marehemu alikuwa anatuambia, 'Msiiguse, inapumzika.'"