Mazoezi ya Pilato

Tupokigwe ni fundi cherehani wa mtaa wetu hapa Uyole. Kama hajakushonea wewe, kamshonea mama yako. Kainamia cherehani mpaka mgongo ukagoma, akawa hanyanyuki kitini bila kushika ukuta. Binti yake Joyness, anayesoma Iringa, akamtumia video za mazoezi yanaitwa pilates. Sisi tukasikia Pilato. Nikamuuliza ni Pilato huyu huyu aliyenawa mikono? Akasema hata yeye hajui, ila mzungu wa kwenye simu analala chini na kupumua, na kulala chini anaweza.

Lakini kilichomuuma kuliko mgongo ni Yudith, shoga yake tangu usichana. Gauni la Yudith lilipasuka mgongoni siku ya sendoff ya bintiye, mbele ya wakwe. Yudith akadai fundi kalikata jembamba. Fundi akadai mwenye gauni kanenepa baada ya kupimwa. Wote wabishi, basi salamu zikakatika, na nyumba zao zinatazamana. Mimi walinichosha. Kila nikienda kwa Tupokigwe ananiuliza, "Yudith anaendeleaje?" utadhani mimi redio. Nikimwambia vuka barabara ukamwone, anainamia cherehani. Alimkumbuka mno yule mama, mpaka huruma.

Sasa sebule yake ni ndogo na makochi ni makubwa, hakuna pa kunyoosha mguu. Jumanne asubuhi akaita vijana wa bodaboda wamtolee makochi yote nje. Akatandika mkeka, akajifunga kanga juu ya suruali, akaweka earphone masikioni. Wale vijana hawakuuliza kitu. Makochi yakitoka nje na mkeka ukitandikwa ndani, kwetu unauliza nini tena? Wakaenda kutangaza msiba.

Mume wake Bartolomeo ni dereva wa lori, alikuwa kaenda Kilolo kupakia mbao na simu yake haipatikani. Tukajumlisha wenyewe.

Nikabeba unga, wenzangu wakabeba kuni na masufuria. Tukamkuta Tupokigwe kalala chali, macho kafumba, anapumua hff, hff, hff, uso umelowa. Lile lilikuwa jasho, sisi tukaona machozi. Miguu kaiinua juu na haishushi. Nikasema moyoni, maskini, kashachanganyikiwa. Tukakaa chini tukaanza kulia, na yeye hasikii hata kidogo.

Ndipo akaingia Yudith, peku, kanga inaburuzika. Akajitupa mkekani, akamkumbatia. "Dada Tupo, nisamehe. Nimekususa mpaka shemeji kaondoka."

Tupokigwe akafumbua macho, akachomoa earphone. "Shemeji yako yupi?"

Kabla hajajibiwa, yule mzungu akapotea kwenye kioo cha simu, ikatokea picha ya Bartolomeo na kofia yake. Marehemu anapiga simu. Mama mmoja akatoka nje mbio. Tupokigwe akapokea, sote tukasikia: "Nimefika Nyololo. Niwekee chakula."

Wengine walicheka mpaka wakashika mbavu. Mimi nilikasirika, maana unga wangu ulikuwa umeshamiminwa kwenye sufuria la mtu. Ila Yudith hakucheka. Aibu ilimshika, akainuka, akajifunga kanga vizuri. "Haya, kumbe hamna msiba. Mimi naenda."

Tupokigwe alitaka kumfuata, mgongo ukakataa. Alijaribu kuinuka akarudi chini, akajaribu tena. Nilimwona usoni anavyoogopa. Yudith akivuka mlango ule leo na aibu ile, harudi.

Yudith alifika mlangoni, akageuka. Akamtazama mwenzake anavyohangaika pale chini. Nikadhani atamcheka.

"Na mimi kiuno kinanisumbua siku nyingi," akasema kwa hasira, kana kwamba sisi ndio tuliomuumiza. "Hebu sogea huko."

Akalala naye ubavu kwa ubavu, akainua miguu. "Huyo mzungu wako anasemaje?"

"Anasema vuta pumzi."

Yudith akavuta pumzi. Na hapo ndipo Tupokigwe alipolia, kilio chenyewe hasa, cha sauti, na sisi tuliokuja kulia naye tukabaki tunatazamana, masufuria mikononi.