Jiwe Katika Mchele wa Mama

Jumatatu, tarehe 7 Julai. Nilikuwa kibarazani kwetu Kibaoni, nikichagua mchele usiohitaji kuchaguliwa. Mama yangu huuleta kutoka kijijini kwake Mofu kila baada ya mavuno, akiwa ameshaupitia punje kwa punje, nami huupitia tena kwa aibu ambayo mume wangu hudhani ni usafi.

"Weka ungo chini," mume wangu alisema. "Leo tunakwenda kurekebisha hilo jino. Sitaki picha za sendofu ya kumuaga binti yangu zitoke na pengo."

Si pengo. Ni kona ya jino la mbele, la juu, iliyovunjika miaka ishirini na miwili iliyopita.

Kwenye kliniki tulipokelewa na daktari wa kike, mdogo kuliko wanafunzi wangu wa kwanza. Alinipa shikamoo, akanieleza kwamba hatalikata jino wala kulivisha kofia. Alisema atalipaka dawa laini yenye rangi ya jino, aifinyange mpaka kona irudi, kisha aigandishe kwa taa ya bluu. Akashika vipande vya rangi karibu na mdomo wangu, kimoja kimoja, kama fundi cherehani anayetafuta uzi unaofanana na kitambaa.

"Lilivunjikaje, mama?"

Mume wangu alikuwa amesimama kando ya kiti. "Jiwe, daktari! Jiwe kwenye mchele wa mama mkwe. Yule bibi alitaka kuniachia mke kibogoyo!"

Akacheka. Kisa hiki amekisimulia harusini, misibani na kwenye vikao vya jumuiya, na kila mara hucheka palepale.

Daktari hakucheka. "Wali hutafunwa kwa magego, baba. Hili ni la mbele."

"Huyu hula kwa pupa."

Daktari alinitazama, akingoja. Nilikuwa na pamba mdomoni; ningeweza kuashiria itolewe. Sikuashiria. Akaandika kwenye kadi, akawasha taa.

Kilichotokea ni hiki. Jumapili moja baada ya ibada nilimsahihisha mume wangu mbele ya wageni wake, kwa jambo dogo ambalo sasa silikumbuki. Walipoondoka, alinipiga mdomoni kwa mkono ulioshika funguo za pikipiki. Jirani aliingia akanikuta nimeziba mdomo kwa khanga, sahani za wali zikiwa bado mezani. "Ameuma jiwe," mume wangu alimwambia. "Mchele wa Mofu huo." Nami nikaitikia kwa kichwa. Nilikuwa mwalimu, sikupungukiwa maneno.

Wiki haikuisha kabla mama hajasikia. Alikuja, akamwaga mchele uliobaki kwenye gunia, akauchagua wote palepale kibarazani. Hakuona jiwe hata moja. Akaamua kwamba macho yake ndiyo yenye kosa. Kule Mofu yeye ndiye aliyekuwa akikabidhiwa mchele wa kila sherehe. Tangu hapo wenzake walimpa vitunguu amenye. "Bibi Mawe kafika," walimtania, "kila mtu ashike meno yake!" Naye alicheka pamoja nao. Nilikuwapo, zaidi ya mara moja, nikala nikashiba.

Siku ya sendofu, hapa nyumbani, mama alinishika kidevu, akapitisha kidole kwenye jino. "Wamelirudisha?"

"Wamelirudisha, mama."

"Basi yameisha. Leo nitashika ungo."

Alikwenda jikoni, uani, akiwa amenyooka kama msichana. Shangazi wa mume wangu akampokea: "Karibu dada, vitunguu vyako vile pale."

Akaketi, akamenya. Mpiga picha aliponiambia nitabasamu, nilitabasamu, na katika picha zote jino langu ni zima, halina habari yoyote ya kusimulia. Katika moja, nyuma ya bega langu, mama anaonekana akifuta macho kwa ukingo wa khanga. Watu husema ni vitunguu.

Wiki tano baadaye nilimwandikia, kwa herufi kubwa ili asome mwenyewe bila kumwita katekista amsomee, nikaituma barua kwa gari la Mofu:

"Mama, shikamoo.

Mchele wako haukuwa na jiwe. Jino langu alilivunja mume wangu, kwa funguo, nami nikanyamaza kwa sababu ilikuwa rahisi zaidi uaibike wewe kuliko mimi. Daktari kijana alitazama mara moja tu akajua. Wewe nilikuacha utafute hilo jiwe miaka ishirini na miwili.

Sikuombi unisamehe upesi. Barua hii msomee yeyote umtakaye, na uanze na wale wanaokupa vitunguu. Mume wangu nimemwambia kwamba nimekuandikia. Hacheki.

Daktari anasema dawa aliyobandika itadumu miaka kadhaa, kisha kona itabanduka. Ikibanduka, sitairudisha.

Mavuno yajayo usiuchague mchele, mama. Ulete kama ulivyo."