Picha ya Lumbesa

Walisema sitaweza. "Diploma ya kompyuta, Kasulu hii? Utapiga picha mbuzi!" alinitania jirani yangu, muuza vitenge. Mwanangu, nilifungua studio, na harusi kubwa kutoka Kasulu hadi Kibondo ziliniita mimi. Hapo najisifu, na nina haki. Ila nakumbuka siku moja ambayo diploma ile haikunifaa kitu.

Nilikuwa natumia programu huria ya kusafisha picha, inayotengenezwa na watu wa kujitolea na kutolewa bure. Walikuwa wametangaza wazi: tumekosea mahali, wezi wanaweza kupita, chukueni toleo jipya. Nililisoma tangazo. Nikasema siwezi kumaliza bando langu kwa hilo, mashine si inafanya kazi?

Siku hiyo mtu nisiyemjua akanitumia picha, anataka isafishwe. Nilipoifungua tu, programu ikajifunga. Kufika mchana, wezi walikuwa wamezifunga picha zangu zote kwa nywila yao, wanadai pesa ndipo wazifungue. Mojawapo ilikuwa ya marehemu mume wa Mama Edina wa Kitahana. Ile ya karatasi ilikuwa imeanza kuliwa na mchwa, nami nilikuwa nimemwambia kwa majivuno, "Hiyo itupe, mama. Kwangu iko salama."

Nikapanda bodaboda hadi Kitahana. Nilimkuta anafunga magunia ya maharage.

"Umeme ulikatika, mama," nilianza.

"Umeme unakatika kila siku. Leo ndio umemla mume wangu? Sema, baba."

Nikasema yote. Akauliza picha inaharibuje mashine. Nikamwonyesha gunia lake lililofungwa lumbesa, limejazwa kupita kipimo hadi likaota kichwa. "Picha ile ilijiandika gunia moja, kumbe imebeba lumbesa. Programu ikatenga nafasi ya gunia moja, ikamwaga bila kupima. Ziada ikaangukia nafasi ya jirani, na ndani ya ziada mlikuwa na amri za wezi."

Alikaza kamba ya gunia. "Waliokupa bure walikiri kosa lao. Wewe uliyenitoza ulitaka kusingizia umeme."

Picha haijapatikana mpaka leo. Lakini Edina alipoolewa, mama yake aliniita mimi nipige picha. Ndugu walipopinga, akawaambia, "Huyu akiharibu, atasema."

Basi, mwanangu, ukiambiwa pana tundu, lizibe siku hiyohiyo. Kitu cha mtu kitunzie nakala mahali pengine. Na ukiharibu, nenda kwa miguu yako ukaseme kabla hujaulizwa. Mungu akupe mikono mizuri ya kazi, na ulimi usioogopa kusema nimekosea.