Milango ya Nyuma ya Landrova ya Baba

Walisema milango ya nyuma haitafunga. Eti nitaipaka rangi landrova ile, nitaiwasha, pengine hata nitaitembeza hadi Mkiwa, lakini milango ya nyuma haitafunga mpaka nizeeke. Jirani yetu pale Issuna, aliyeniazima jeki, aliniambia huku akicheka, "Msomi, hilo ni banda la kuku. Tia kuku, mambo yaishe."

Nilikuwa na stashahada ya ufundi wa mitambo ambayo hakuna ndugu aliyenilipia hata kitabu chake kimoja, na nilikuwa nimerudi kutoka Zambia, nilikotengeneza magari ya mgodi kwa mikono hii. Kijiji kizima hakuna aliyewahi kurudi na sanduku la spana kama langu. Nasema hivyo kwa sababu ni kweli.

Landrova yenyewe ilikuwa ya chama cha ushirika. Baba ndiye aliyekuwa dereva wake tangu ikiwa mpya, akibeba mbegu, wagonjwa na viongozi. Ilipokuja enzi ya ruksa, biashara ikaachwa huru, chama kikafa, mali zake zikapigwa mnada, nami nikainunua ikiwa imekaa juu ya mawe, haina milango ya nyuma. Baba naye wakati huo alikuwa amekwisha. Vumbi la miaka yote ile lilikuwa limemkaa kifuani. Hakuweza tena kukaa wima. Alilala ubavu akikohoa. Ombi lake lilikuwa moja tu, nimpeleke Unyambwa, alikozaliwa, akamwone dada yake, ambaye miguu ilikuwa haimbebi tena.

Safari ya basi asingeiweza. Ilibidi alale nyuma ya landrova, juu ya godoro. Na kila aliyepanda gari la aina ile kwenye barabara yetu anajua kwamba mlango wa nyuma ukiacha upenyo, hata wa kidole, gari huvuta vumbi lote ndani. Kwa kifua kile, asingefika.

Madukani mjini siku hizo kulikuwa na redio, vitenge na sabuni za kila rangi, lakini milango ya landrova ya zamani haikuwapo. Nikaiunda. Fremu nilikata chuma cha pembe. Fundi wa kuchomelea wa Mkiwa aliniazima mtungi wake wa gesi, akasema, "Chukua, mdogo wangu. Gesi ikikwisha na milango bado, usiseme nilikupa hewa." Bati la alumini nilibandua kwenye trela lililooza, na mpira wa kuzibia nikachana tyubu ya lori.

Nilipoifunga, pembe moja ya juu ikagoma. Fundi mwingine angeupiga mlango nyundo mpaka ukubali. Mimi nilivuta uzi kutoka pembe hadi pembe ya uwazi ule nikaona kosa haliko mlangoni. Bodi lilikuwa limepinda kwa kukaa miaka juu ya mawe. Nikalishusha gari kwenye magurudumu yake, nikapakia viroba vya mchanga vyenye uzito wa mtu aliyelala, nikalegeza bolti za bodi na kupachika vipande vya tairi chini yake, kimoja baada ya kingine.

Kupima ilikuwa kazi ya baba. Alitaka mwenyewe. Tulimlaza ndani mchana jua likiwa kali, nikafunga milango, naye akawa ananiambia mwanga unaingilia wapi.

"Unaona wapi, baba?"

"Juu ya kitasa. Mwembamba, kama uzi."

Nikakaza bawaba. "Na sasa?"

"Hapo pameziba. Lakini huku chini panya anapita na watoto wake. Huko Zambia mlikuwa mnatengeneza magari au mnafuga panya?"

Nilicheka. Yeye alicheka akakohoa, akakohoa sana, nikafungua haraka.

Tulifanya hivyo siku kadhaa, kidogo kidogo, kwa kadiri ya nguvu zake. Kisha mchana mmoja nikafunga, nikauliza mwanga uko wapi.

"Giza," alisema. "Giza tupu. Jumatano mniogeshe, Alhamisi twende."

Jumatano tulimwogesha. Alivaa shati lake la safari akalala kupumzika, na hakuamka.

Alhamisi tulikwenda. Aliwekwa juu ya godoro lile lile, amefunikwa shuka jeupe, nami nikaendesha hadi Unyambwa, wanaume wa ukoo wakifuata kwa lori nyuma ya vumbi langu. Nilipofungua milango, watu walitazama lile shuka, na nilisikia mmoja akisema, "Huyu kweli fundi." Maisha yangu yote nimependa kusikia neno hilo. Siku ile lilinipita.

Shangazi alikuwa amebebwa na kiti chake hadi pale. Alipitisha kiganja juu ya shuka, akakitazama.

"Hana vumbi," alisema. "Alikuwa akija hapa mwekundu mpaka nyusi. Nilikuwa namkung'uta kwanza, ndipo namsalimia." Akakirudisha kiganja pale pale. "Leo nimkung'ute nini?"

Matanga yalipokwisha, kama ilivyo kwetu, vyote vilivyoazimwa vikarudi kwa wenyewe. Nilizunguka na landrova siku nzima. Masufuria, majamvi, viti vya kanisani. Jirani alipokea jeki kwa mikono miwili. Wa mwisho alikuwa fundi wa Mkiwa, ambaye alikuwa Itigi kikazi wakati wote wa msiba, bila habari. Tulipakua mtungi wake, naye akafungua na kufunga milango mara kadhaa, akiisikiliza.

"Imekaa," alisema. "Mzee alifika kwa dada yake?"

"Alifika."

"Na vumbi?"

"Hata punje."

Alifurahi kama gari ni lake. Akaniwekea kigoda, akaagiza chai, akaanza kunisimulia jinsi baba alivyowahi kumbeba mkewe hadi hospitali siku ya uchungu. Niliinywa chai yote, polepole, kabla sijamwambia.