Upande Mmoja wa Karatasi

Mapenzi binti Laban alizaliwa na maneno mengi. Watu wa kijiji chao, chini kidogo ya Garsen, walimwita Santuri, kwa kuwa ukishamwanzisha humzimi mpaka afike mwisho. Ukimtuma kwa jirani kuomba chumvi, atarudi na chumvi na habari za nyumba nzima: nani kalala na homa, mbuzi wa nani kazaa, kuku wa nani kachukuliwa na mwewe. Babake, Laban, mvuta kamba wa pantoni pale kivukoni Garsen, alikuwa akicheka mpaka anashika mbavu.

"Huyu," akisema, "Mungu alikusudia kuumba watu wawili, akaona udongo ni mmoja."

Mwaka wa hamsini na sita Mapenzi alikuwa darasa la nane, msichana peke yake katikati ya wavulana. Wenzake aliocheza nao mchangani walikwisha olewa, wengine wana watoto mgongoni. Wajomba walikuja mara mbili kumwuliza Laban anangoja nini. Laban akawaambia binti yake anakwenda chuo cha ualimu, atarudi avae viatu vya kufunga kamba, na wao wajomba watamwita mwalimu watake wasitake. Wakaondoka wamenuna. Kwa hiyo kila mtu alijua: akipita mtihani wa mwisho wa mwaka, ule wa KAPE, Mapenzi atakuwa mwalimu. Asipopita, wajomba watarudi.

Hesabu hazikumpa taabu. Taabu yake ilikuwa insha ya Kiingereza, na si kwa kukosa Kiingereza. Ilikuwa kwa kukizidisha.

Mwalimu wa Kiingereza alikuwa Bwana Jefwa, Mgiriama mwembamba aliyetoka kusini, suruali yake imenyooshwa kwa pasi ya makaa hata siku za matope. Alikuwa mtu mwema, lakini kwa urefu wa insha hakuwa na mchezo.

"Mapenzi," akamwambia siku moja mbele ya darasa, ameinua karatasi zake kama mtu aliyeshika kuku kwa miguu. "Mimi nimekuuliza habari ya siku ya soko. Wewe umeniletea mpaka nyanya aliyemlea muuza ndizi."

Darasa likaangua kicheko. Tsuma, aliyekaa nyuma, akadakia, "Mwalimu, mwongeze karatasi. Bado babu hajapata zamu yake."

"Nyamaza, Tsuma. Sikilizeni nyote. Insha ni upande mmoja wa karatasi. Mmoja! Ukifika chini, weka kalamu. Msahihishaji ana karatasi za Kenya nzima mezani pake. Akiona umepindua, anapiga mstari mwekundu, hasomi, na alama anakukata."

"Na mtu akiandika herufi ndogondogo, mwalimu?" akauliza Tsuma.

"Andika za sisimizi, baba, ukasahihishwe na sisimizi."

Mapenzi akanyoosha mkono. "Na habari ikiwa haijaisha, mwalimu?"

"Iishe."

"Itaishaje na haijaisha?"

"Ianze na lenyewe!" Bwana Jefwa akapiga meza. "Lililokuleta liseme kwanza. Mzungu hana haja na salamu zako."

Kwa mwaka mzima wakavutana hivyo, mwalimu akikata, msichana akinuna. Lakini Mapenzi alikuwa na akili. Polepole akajifunza kuyabana maneno kama mtu anayefunga mzigo wa kuni. Kufika Oktoba alikuwa akianza juu na kumalizia mstari wa chini kabisa, bila kupindua. Bwana Jefwa alipoiona ya kwanza ya namna hiyo alitoka nayo nje kwenda kuwaonyesha walimu wenzake.

Sasa, kuna jambo la nyuma yake ambalo lazima lisemwe.

Mapenzi alikuwa na kaka, Dhadho, kijana wa mabega mapana, fundi wa upondo, ule mti mrefu wa kusukumia mtumbwi. Miaka miwili kabla ya mtihani, mchana mmoja mto ulipanda ghafla, na Dhadho akachukua mtumbwi kwenda ng'ambo kuokoa mbegu ya mahindi iliyobaki kwenye kibanda cha shamba. Hakurudi. Watu walitafuta kila penye matete. Kisha asubuhi moja akaja mtu kutoka Chara, mtega kambare jina lake Athman, akapiga hodi kwa Laban.

Watu wa mtoni zamani hizo hawakumrushia mtu kifo usoni. Mleta habari hukaribishwa, hukalishwa, hupewa maji, kisha huanza na yaliyo mazima, moja baada ya moja, ili moyo wa msikiaji upate pa kushika kabla haujapigwa. Kuanza na kifo ilikuwa kama kumtukana marehemu na waliomzaa.

Athman akanywa maji. Laban akasema, "Haya, lete habari."

"Habari ni njema. Mpunga wa Chara umesimama."

"Alhamdulillahi," akajibu Laban, ingawa yeye alikuwa Mkristo, kwa heshima ya mgeni.

"Kambare wapo. Watoto wazima."

"Na wa hapa wazima."

"Mto umejaa."

"Umejaa kweli."

"Umetuletea magogo mengi. Umetuletea mbuzi wa watu."

"Eeh."

Mama Dhadho alikuwa akipepeta. Akauweka ungo chini, kwa maana aliusikia ule mwendo wa pole wa maneno, akajua unakokwenda.

"Na jana jioni," akasema Athman, akitazama mikono yake, "penye matete yetu, mto umetuletea kijana."

Mapenzi alikuwa mlangoni. Aliyasikia yote, na yakakaa ndani yake kwa mpango ule ule, maji, mpunga, kambare, magogo, mbuzi. Tangu siku ile yeye mwenyewe hakupata kuipeleka habari ile kwa mtu. Angempelekea nani? Kutoka Hola mpaka Kipini walikwisha jua.

Ikafika siku ya mtihani. Wakaketi katika jengo la kanisa, kila mmoja na meza yake. Vichwa vya insha vilikuwa vitatu, uchague kimoja. Cha kwanza, safari ya gari la moshi. Mapenzi hajapata kuliona gari la moshi. Cha pili, mchezo wa mpira. Huo ulikuwa wa wavulana. Cha tatu, siku ambayo sitaisahau. Na chini yake maagizo yale yale ya Bwana Jefwa: usipite upande mmoja.

Akashika kalamu. Siku ilikuwa moja tu.

Akamwona akilini msahihishaji, mtu aliyekaa mbali huko, mezani pake, hajui lolote. Katika dunia yote huyo ndiye mtu wa kwanza ambaye Mapenzi alimpelekea habari ya Dhadho. Basi akampelekea kama alivyolelewa. Akaandika kwamba asubuhi ile jua lilikuwa zuri. Akaandika kwamba babake alikuwa kivukoni akivuta kamba na wenzake wakiimba. Mamake anapepeta. Mahindi ya ukingoni yamefika kifuani mwa mtu. Akaandika kwamba kakake Dhadho alikuwa uani akichonga upondo mpya, akamtania kwamba mume atakayemwoa itabidi awe kiziwi, na yeye akamrushia gunzi, na wote wakacheka. Kiingereza kilimtoka safi, hakupata kuandika vizuri kama siku ile.

Akainua macho kidogo, akayarudisha. Umebaki mstari mmoja.

Alikaa na mstari ule mpaka msimamizi akaanza kutembea baina ya meza. Angeweza kupindua, lakini akaona mstari mwekundu ukimpitia Dhadho. Angeweza kukiandika kifo palepale, kwa maneno yasiyojaza kiganja, na kumtupia mtu asiyemjua, ambaye hata maji hakumpa. Mkono ulikataa. Akaandika kwamba siku ile sote tulikuwa wazima. Akaweka kalamu.

Nje, Bwana Jefwa alikuwa akingoja chini ya jua. "Ulizidisha?"

"Sikuzidisha, mwalimu."

"Ulipindua?"

"Sikupindua."

Akapiga makofi kama mtoto. "Basi umekuwa mwalimu, binti!"

Majibu yalipokuja, Tsuma alipita. Mapenzi hakupita. Alianguka kwa Kiingereza, kwa alama chache mno. Bwana Jefwa hakuamini. Akaenda kijijini kwa miguu, suruali ikaingia matope, akamkuta Mapenzi anatwanga. Akamwambia amsomee insha yake kwa kichwa, neno kwa neno. Mapenzi akamsomea, mchi mkononi.

Alipomaliza, Bwana Jefwa alingoja. "Halafu?"

"Ni hiyo tu."

"Mapenzi, siku gani hiyo? Mbona hakuna kilichotokea? Mtu kacheka na kakake. Hiyo ndiyo siku ya kutoisahau?"

"Ndiyo siku aliyokufa, mwalimu."

Bwana Jefwa akakaa juu ya kinu kingine kilicholala pale. "Na mstari ulibaki?"

"Ulibaki mmoja."

"Kwa nini hukuandika kwamba alizama? He was drowned. Maneno matatu, mwanangu! Maneno matatu, na sasa ungekuwa unafunga sanduku!"

"Wewe ungependa kuletewa hivyo," akauliza Mapenzi, "habari ya mtoto wa mamako?"

Mwalimu akajipangusa macho. Kwao Giriama pia watu wana mama zao, na kutaja kifo kwa pupa haikuwa desturi yao vilevile. Alikaa pale juu ya kinu, ameinamisha kichwa, mpaka Mapenzi akamletea maji. Akayanywa yote. Baadaye aliandika kuomba msichana arudie darasa. Wakubwa wakajibu kwamba nafasi hakuna, na umri wake umepita. Wajomba nao wakarudi, na safari hii Laban akawapa viti.

Jioni ile ile aliyokuja mwalimu, Mama Dhadho, aliyekuwa ndani akisikia lugha asiyoijua, alimwita binti yake.

"Umemsomea nini mwalimu mpaka akalia?"

"Insha yangu, mama."

"Nisomee na mimi. Kwa lugha yetu."

Mapenzi akamsomea. Jua zuri, kamba ya pantoni, ungo, mahindi ya kufika kifuani. Alipofika kwa Dhadho na upondo wake, na gunzi, na kicheko, mama akafumba macho. Mapenzi akamaliza: siku ile sote tulikuwa wazima. Kisha, kwa kuwa pale nyumbani hapakuwa na mtu wa kumkatia karatasi, akavuta pumzi aendelee.

Mama akamshika mkono. "Basi. Ishia hapo."

"Mama, haijaisha."

"Ishia hapo, nimesema. Nianzie tena."

Akamwanzia tena.

Mapenzi aliolewa mwaka uliofuata, na mjane wa kiume mwenye shamba la mpunga upande wa pili wa kijiji, mtu asiye na makosa. Hakuvaa viatu vya kamba. Tsuma alirudi likizo kutoka chuo cha ualimu akiwa na kalamu mfukoni, watu wakamwita mwalimu, na yeye Mapenzi akamwita hivyo hivyo, akamwamkia na kuulizia afya. Jina la Santuri lilimwondoka lenyewe. Akitumwa chumvi, alirudi na chumvi.

Lakini mara kwa mara mamake alimtuma mtoto wa jirani kumwita, naye akijua anaitiwa nini. Akikaa kizingitini, akianza na jua, akishuka mpaka mahali pale penye kicheko, na mama akisema, "Basi." Hata mara moja hakumwacha apite hapo. Babake alikuwa akitoka nje wakati huo, akijifanya kuangalia kamba.

Na Mapenzi akisha kunyanyuka, alichukua jembe lake akateremka shambani kwake ukingoni. Huko, akiwa peke yake, mpunga umemfika magotini, aliendelea pale alipokatizwa: mtumbwi, magogo, matete ya Chara. Aliyasema kwa sauti, yote, bila kufupisha. Aliyasema kwa Kiingereza, maana katika mashamba yale hapakuwa na mtu ambaye Kiingereza kingemwumiza.